Bwana Charles Collins Teague: Mkulima wa Malimau Aliyeongoza Ushirika kwa Miaka 30

Halmashauri iliyokabidhiwa kazi ya kutayarisha kijitabu hiki ilinitaka niandike habari za mkulima mmoja wa jamii ya michungwa, ambaye maisha yake yatawafaa wanachama wetu kuyasoma katika mwaka huu wa kumi wa ushirika wetu. Baadhi ya wajumbe walipenda nimwandike mtu wa hapa hapa petu. Nikaomba radhi nimwandike mtu wa mbali, kwani habari za jirani aliye hai aghalabu huandikwa kwa kalamu yenye woga. Sifa zake huzidishwa na makosa yake hufunikwa. Mtu huyu niliyemchagua alikwisha fariki zamani, hesabu yake imefungwa, na faida na hasara zake zinaweza kusomwa pamoja katika ukurasa mmoja. Tena iko sababu ya pili, ambayo wanachama waliohudhuria mkutano wetu mkuu uliopita wataikumbuka: ni lile ombi la wachumaji wa matunda yetu, ambalo tuliliahirisha kwa kukosa wakati. Bwana Charles Collins Teague wa California naye alipata kuletewa ombi la namna hiyo, na jinsi alivyolijibu nitaieleza mahali pake.

Alizaliwa mwaka 1873 katika mji wa Caribou, jimbo la Maine, kaskazini kabisa mwa Marekani, nchi ya theluji na viazi, wala si ya machungwa. Alipokuwa mtoto wazazi wake walihamia Kansas, na huko ndiko alikosoma. Mwaka ule ule aliozaliwa, mama mmoja wa mji wa Riverside huko California, Bibi Eliza Tibbets, alipokea kutoka Wizara ya Kilimo ya Marekani miche miwili ya michungwa ya kitovu iliyotoka Bahia, nchi ya Brazil. Machungwa yale yalikuwa matamu, hayana mbegu, na yakiiva wakati wa baridi. Kutokana na miche ile yalikatwa makonyo yaliyobebeshwa kwenye maelfu ya miti, na katika muda wa miaka 20 mabonde ya California ya kusini yakageuka kuwa mashamba ya machungwa. Basi mwaka 1893, kijana Teague alipofika na jamaa zake katika mji mdogo wa Santa Paula, kwenye bonde la mto Santa Clara, wilaya ya Ventura, alikuta kilimo hicho kimekwisha shika mizizi, lakini wakulima wenyewe wako katika hali ya kusikitisha.

Miaka hiyo wakulima wa California waliiita miaka ya wino mwekundu. Mkulima alimpa wakala matunda yake bila bei. Wakala akayapakia katika gari la moshi, safari ya siku nyingi kuelekea miji ya mashariki. Huko yakauzwa, na baada ya wiki kadhaa mkulima akaletewa hesabu. Mara nyingi hesabu ile haikuwa na fedha ndani yake, bali deni: nauli ya reli, ujira wa wakala na gharama za kufungasha zimezidi bei ya matunda, na mkulima anadaiwa tofauti. Fikirini, ndugu zangu, mtu ametoa tunda lake, kisha atoe na fedha juu yake! Sisi tulio na michungwa katika mkoa wa Tanga hatuna haja ya kufasiriwa jambo hili sana. Mwenye kuuza matunda yangali mtini kwa sababu ada ya shule imefika naye anaujua wino ule, ingawa hesabu yake haikuandikwa.

Dawa waliyoipata ilianza Riverside, kwa mkulima mmoja aitwaye T. H. B. Chamblin, aliyewaunganisha majirani zake wafungashe na kuuza pamoja. Mwaka 1893 wakulima wa wilaya mbalimbali wakakutana mjini Los Angeles na kuunda umoja wao. Mpango wao ulikuwa wa ngazi tatu. Chini kilikuwako chama cha msingi chenye ghala ya kufungashia. Katikati umoja wa wilaya. Na juu umoja mkuu wenye mawakala wake katika miji ya mbali. Matunda ya wanachama wote yalichanganywa kwa daraja na kwa ukubwa, na kila mwanachama akalipwa wastani wa bei ya daraja lake kwa msimu, bila kujali kama sanduku lake mwenyewe liliuzwa siku ya bei nzuri au siku ya bei mbaya. Mwaka 1903 viongozi walikosea njia: waliungana na wafanya biashara binafsi katika kampuni moja ya kuuza, wakidhani ya kuwa ushindani utakwisha. Muungano ule haukumaliza miaka miwili. Wakulima wakajitoa, na mwaka 1905 wakaupa umoja wao jina jipya, California Fruit Growers Exchange. Hiki ndicho chama ambacho Bwana Teague alikuja kukiongoza.

Lakini hakuanza na uongozi. Alianza na malimau. Mjomba wa mzazi wake, Bwana Wallace Hardison, ambaye pia alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya mafuta ya Union Oil, alishirikiana na Bwana Nathan Blanchard mwaka 1893 kuanzisha shamba la kampuni lililoitwa Limoneira, karibu na Santa Paula. Kijana Teague aliajiriwa katika kazi zao, akajifunza kilimo kwa mikono yake, na miaka michache baadaye akawa meneja wa shamba zima.

Limau lina taabu yake. Mti huzaa mwaka mzima, lakini katika pwani ile matunda mengi huwa tayari wakati wa baridi na mwanzo wa machipuko, hali watu wa New York na Chicago hupenda kunywa maji ya limau wakati wa joto. Tunda liko wakati mnunuzi hayuko, na mnunuzi akija tunda limekwisha oza. Tena malimau kutoka Sicily, nchi ya Italia, yalifika New York kwa meli kwa gharama ndogo. Bwana Teague na wenzake walitafuta njia ya kulifanya limau lingoje. Walijifunza kulichuma likiwa bado la kijani, si kwa kutazama rangi bali kwa kipimo cha pete ya chuma: tunda lisilopenya katika pete huchumwa, linalopenya huachwa likue. Kisha likawekwa ghalani kwa uangalifu, hewa na unyevu vikitawaliwa, likageuka rangi polepole, ganda likawa laini na jembamba, maji yakazidi. Limau lililotunzwa hivyo liliweza kukaa miezi kadhaa na kutolewa joto lilipoingia.

Hata hivyo shida ya kuoza ilikuwa haijakwisha, na wakulima wa machungwa ndio waliotaabika zaidi. Watu walilaumu reli: mabehewa yana joto, barafu haitoshi, safari ni ndefu. Mwaka 1904 Wizara ya Kilimo ikamtuma mtaalamu mmoja, Bwana G. Harold Powell, achunguze. Aliwafuata wachumaji miti kwa miti, akaingia maghalani, akatazama matunda kwa kioo cha kukuzia. Aliyoyaona hayakuwapendeza wenye mashamba. Ukungu wa buluu na wa kijani unaoozesha machungwa hauna nguvu ya kutoboa ganda zima. Huingia penye jeraha. Na majeraha yalikuwa mengi mno: ncha ya mkasi imegusa ganda, kikonyo kimeachwa kirefu kikamchoma jirani yake sandukuni, kucha za mfungashaji, changarawe chini ya kikapu, tunda limeangushwa badala ya kuwekwa. Yaani uozo uliotokea New York ulikuwa umepandwa California, shambani, siku ya kuchuma, kwa mkono wa mtu aliyelipwa kwa idadi ya masanduku na kwa hiyo akafanya haraka.

Mimi mwenyewe nilikuwa karani wa ghala kabla ya kupewa kazi ya ukatibu, nami nakiri kwamba habari hii ya Bwana Powell ilinitia haya nilipoisoma. Nimesimama mara nyingi mlangoni nikimlaumu dereva wa lori kwa machungwa yaliyolowa, wala sikupata kumwuliza mchumaji amelitupaje tunda kutoka mtini.

Wakulima wa California walichukua ushauri. Mikasi ikatengenezwa yenye ncha za mviringo, wachumaji na wafungashaji wakavaa glavu, na vyama vingi vikatwaa kazi ya kuchuma mikononi mwao, vikaajiri vikundi vyao wenyewe vilivyofundishwa kuchuma taratibu. Mwaka 1912 Bwana Powell akaajiriwa na umoja mkuu kuwa meneja wake, akautumikia mpaka kufa kwake mwaka 1922.

Mambo mengine ya miaka hiyo nitayapitia upesi, kwa kuwa yanajulikana zaidi. Mwaka 1907 walianzisha kampuni yao ya vifaa, wakanunua mbao za masanduku kwa pamoja, na baadaye wakamiliki hata misitu na viwanda vya kupasulia mbao. Mwaka 1908 walianza kutumia jina la Sunkist kwa matunda ya daraja la juu, baada ya kujaribu matangazo katika jimbo la Iowa kwa msaada wa kampuni ya reli; kila tunda likafungwa katika karatasi nyembamba yenye jina hilo, na mwenye nyumba aliyekusanya karatasi hizo aliweza kupata kijiko. Mwaka 1909 Bunge la Marekani likaongeza ushuru wa malimau ya kigeni kutoka senti 1 hadi senti 1 na nusu kwa kila ratili, jambo lililowafurahisha sana watu wa Santa Paula na kuwahuzunisha watu wa Sicily. Mwaka 1915 wakulima wa malimau walifungua kiwanda katika mji wa Corona, ili tunda lenye kovu ligeuzwe kuwa kitu cha kuuzwa badala ya kumwagwa.

Mwaka 1920 Bwana Teague alichaguliwa kuwa rais wa umoja mkuu, akakaa katika kiti hicho miaka 30. Wakati huo huo aliuongoza pia umoja wa wakulima wa jozi wa California. Wakati wake umoja uliuza karibu robo tatu ya machungwa na malimau yote ya jimbo lile. Mwaka 1922 ikapitishwa sheria ya Capper na Volstead, iliyowapa wakulima ruhusa ya kuungana na kuuza mazao yao kwa pamoja pasipo kushtakiwa kwamba wanaua ushindani. Naomba msomaji aiweke akilini sheria hii, tutairudia.

Ama siku iliyompima Bwana Teague kuliko zote haikuhusu bei ya matunda. Mji wa Los Angeles ulikuwa umejenga bwawa kubwa la maji, St. Francis, katika korongo lililo juu ya bonde la Santa Clara. Tarehe 12 Machi 1928 mhandisi mkuu wa maji, Bwana William Mulholland, alikwenda kulikagua kwa kuwa ukuta ulivuja, akaridhika kwamba hakuna hatari. Usiku wa siku ile ile, dakika chache kabla ya saa sita, ukuta ukabomoka. Maji yakashuka bondeni gizani kwa muda wa zaidi ya saa tano mpaka yakafika baharini, yakichukua nyumba, miti ya michungwa, mifugo na watu. Waliokufa walizidi 400, na wengi wao walikuwa vibarua wa Kimeksiko waliolala katika nyumba za chini karibu na mto. Katika Santa Paula wengi waliokolewa kwa sababu bibi wa simu alikaa kwenye kazi yake akiwapigia watu, na askari wawili wakapita kwa pikipiki nyumba hata nyumba wakigonga milango.

Kulipopambazuka, mawakili walianza kufika bondeni. Kila mwenye msiba aliambiwa atie sahihi, kesi ifunguliwe, na wakili achukue fungu lake katika malipo. Wilaya ya Ventura ikaunda kamati ya raia, ikamweka Bwana Teague kuwa mwenyekiti. Njia yake ilikuwa njia ya mtu wa ushirika. Aliwaomba watu wasiende kila mmoja peke yake mahakamani, bali waorodheshe hasara zao pamoja, zikadiriwe na kamati za pande mbili, ya bonde na ya Los Angeles, na mji ulipe bila kushitakiwa. Watu wengi walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Kuwaambia watu waliozika watoto wao kwamba waketi na kuhesabu miti si jambo jepesi. Lakini Los Angeles ilikubali wajibu wake, na madai yaliyo mengi sana yalilipwa bila hukumu ya hakimu. Mashamba yakasafishwa tope na kupandwa upya.

Mwaka 1929 Rais Herbert Hoover alimteua kuwa mjumbe wa Baraza la Kilimo la Serikali ya Marekani, lililopewa dola milioni 500 za kukopesha vyama vya ushirika na kutuliza bei. Baraza lile lilinunua ngano na pamba kwa wingi ili bei isianguke. Bei ikaanguka vile vile, kwa sababu wakulima waliendelea kulima kama zamani na ghala zikazidi kujaa. Bwana Teague alirudi kwao mwaka 1931. Sioni haja ya kuongeza neno, isipokuwa kwamba maofisa wetu wanaodhani mkopo ni tiba ya kila ugonjwa wangefaidika kuisoma habari hiyo kwa urefu.

Sasa nafika kwenye ukurasa ambao ningependa usiwemo. Limoneira ilikuwa na sifa ya kuwajengea wafanya kazi wake nyumba. Wengi wao walikuwa watu wa Meksiko, wengine wamezaliwa shambani pale, na watoto wao nao wakachuma malimau ya miti ile ile. Mwanzoni mwa mwaka 1941, wachumaji na wafungashaji wa malimau wa wilaya ya Ventura waligoma kwa maelfu. Walitaka ujira uongezwe, na tena walitaka jambo la pili lililowaudhi wenye mashamba kuliko la kwanza: chama chao kitambuliwe. Wakulima walisema limau haliwezi kungoja mazungumzo, na ya kuwa bei ya sokoni haipangwi na mkulima. Hoja hizo zina ukweli ndani yake. Hata mimi nimezitumia. Lakini Bwana Teague alikataa kabisa kukitambua chama kile. Waliogoma wakaambiwa waondoke katika nyumba za kampuni. Jamaa zilizokaa pale miaka mingi zikatoka na vyombo vyao, zikapiga mahema, na nyumba zikapewa watu wengine waliokuwa wamekimbia ukame wa majimbo ya kati na kutafuta kazi yoyote. Mgomo ulidumu miezi kadhaa, kisha ukavunjika. Wachumaji hawakupata chama.

Msomaji akumbuke ile sheria ya mwaka 1922. Mkulima aliruhusiwa na sheria kusimama na mwenzake, wazungumze na mnunuzi kwa sauti moja. Mwaka 1935 ilitungwa sheria nyingine iliyowapa wafanya kazi wa viwandani haki ya namna hiyo hiyo mbele ya matajiri wao, lakini vibarua wa mashambani walitengwa nayo kwa maneno yaliyo wazi. Basi katika shamba moja alikuwako mtu mwenye ruhusa ya kuungana na mtu asiye na kinga akiungana, na wote wawili wanaligusa limau lile lile. Mtu aliyefahamu kuliko wengine wote jinsi mnyonge anavyolemewa akiuza peke yake, hakuwa tayari kumsikia mtu aliyeuza nguvu zake peke yake. Wapo wanaosema alikuwa mtu wa zama zake. Mimi siridhiki sana na jibu hilo, kwani katika mambo mengine alizitangulia zama zake. Pete ya kupimia malimau haikuwa desturi ya zamani, wala kamati ya mafuriko haikuwa desturi.

Jambo moja zaidi hunijia ninapoifikiri habari hii. Bwana Powell alikwisha waonyesha kwamba faida yote ya mkulima imo katika mkono wa mchumaji. Walimvika mchumaji glavu, wakamnolea mkasi usiojeruhi, wakamfundisha kuweka tunda kama yai. Walimtaka awe mwangalifu kama mwenye mali, nao hawakumpa neno katika mali.

Mwaka 1944 Bwana Teague alitoa kitabu cha maisha yake, alichokiita Fifty Years a Rancher, yaani miaka 50 ya ukulima. Alifariki mwaka 1950, angali rais wa umoja. Miaka miwili baadaye, mwaka 1952, umoja ulibadilisha jina ukaitwa Sunkist Growers, jina linalosomwa juu ya maganda ya machungwa hata leo. Mwanawe mmoja, Charles McKevett Teague, aliingia katika Bunge la Marekani mwaka 1955, akakaa humo hadi mwaka 1974.

Ombi la wachumaji wetu, lililoahirishwa katika mkutano uliopita, limewekwa katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, nambari 6, baada ya taarifa ya mweka hazina. Wanataka wawe na wajumbe wawili wenye kusikilizwa katika halmashauri ya ghala wakati wa msimu, na ujira wao upangwe kabla ya kuchuma kuanza, si baada yake. Nakala za ombi hilo zipo ofisini kwa mwanachama yeyote atakaye kuzisoma, kila siku ya kazi kabla ya saa tisa.